Nusu ya Barabara

Mwanamke huyu watu walimwita Utingo na mumewe walimwita Dereva. Wenyewe pia chumbani kwao waliitana hivyo hivyo, mpaka majina waliyopewa na wazazi wao yakabaki kazi yake ni kuandikwa kwenye fomu. Miaka kumi na tisa walikaa kwenye lori moja. Mke ndiye aliyeshuka kuweka mawe nyuma ya tairi mlimani, ndiye aliyefunga turubai, ndiye aliyegonga bodi mara mbili lori lisimame na mara moja liende. Mwanzoni watu walicheka, kwamba tangu lini mwanamke akawa utingo. Halafu wakazoea, na mwisho wakawa wanamsalimia yeye kwanza na mumewe baadaye.

Kazi waliigawana siku ya kwanza na hawakurudi kuigawana tena. Dereva anatazama mbele na upande wake wa kulia. Utingo anatazama kushoto: kioo cha pembeni, waendesha baiskeli, mitaro, mbuzi, watoto wanaotoka shule. Kila mtu na upande wake, na wakifika wamefika.

Basi lori nalo lilikuja likakata roho, injini ikapasuka vipande, na kununua jingine ikawa ndoto. Ndipo mdogo wake Utingo, muuguzi aliyeolewa nchi ya mbali, akawaita. Akawatafutia chumba ghorofa ya sita, akamtafutia dada yake kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na shemeji yake, Dereva, akamtafutia kibarua cha kuosha mabasi gereji. Walifika siku ya Jumatano wakiwa na masanduku mawili, na mto wa kukalia nyuma ya usukani, ambao Dereva alikataa kabisa kuuacha.

Alhamisi mdogo mtu akaazima gari la rafiki yake akawapeleka hospitali, ili Utingo akaonane na mkubwa wake wa kazi. Dereva alifungua mlango wa kulia akakaa, akashangaa usukani haupo mbele yake. Njia nzima miguu yake ilikuwa inakanyaga breki isiyokuwepo, na alimwambia shemeji yake mara tatu kwamba anapinda kama mtu anayekata keki. Utingo alikaa nyuma, kushoto, macho dirishani. Waliingia barabara hii, wakatoka ile, wakauzunguka mzunguko, na baada ya dakika ishirini wakafika.

Msimamizi wa chumba cha kufulia alikuwa mama mrefu, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Akasema maneno mengi, mdogo mtu akayatafsiri kwa ufupi: kazi inaanza Jumatatu, saa moja kamili asubuhi. Anayechelewa siku ya kwanza asijisumbue kuja ya pili, maana nafasi hiyo inasubiriwa na watu kumi. Na karatasi za kukaa katika nchi hii, zake na za mumewe, zimesimama juu ya kazi hiyo. Kazi ikianguka, karatasi zinaanguka nayo.

Ijumaa mdogo mtu akapanda treni kurudi mji wake, safari ya saa nne. Pale stesheni Utingo akamuuliza, sasa mimi nitafikaje huko peke yangu, simu yenyewe laini bado haijafunguliwa. Mdogo wake alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya treni. Akamwambia ni karibu dada, kwa miguu unafika. Mlango ukafungwa.

Jambo lenyewe ndilo hilo. Gari la gereji lingemchukua Dereva saa kumi na moja alfajiri pale kona ya jengo lao na kumpeleka upande mwingine wa mji. Yeye hakuhitaji kujua njia. Aliyepaswa kuijua njia, tena peke yake, alikuwa Utingo, na siku zilizobaki zilikuwa mbili.

Jumamosi wakatoka wote wawili kuipima. Walitembea jinsi walivyokaa miaka yote, yeye kushoto, mumewe kulia, katikati ya njia ya waenda kwa miguu, na watu wakawa wanawapisha. Kila kona Dereva aliichukua kwa upana, kama ana trela nyuma. Walipofika kwenye bango la kuzuia magari alisimama na kugeuka, maana tangu apate leseni hakuwahi kupita njia iliyokatazwa na hakuona sababu ya kuanza ugenini. Kwenye mzunguko waliuzunguka wote. Utingo aliona famasi yenye msalaba wa kijani, akaona kinyozi mwenye viti vitatu vyekundu, akaona geti la buluu. Dereva naye alikuwa anaguna tu, hapa, hapa, sasa hapa. Dakika hamsini na tano, hao hospitali.

Dereva akafurahi sana. Alisema miji yote ni mmoja, ukishajua kusoma barabara umeshajua kila kitu. Kilichomshangaza ni shemeji yake tu, kuita mwendo ule karibu. Labda watu wakikaa sana ugenini vipimo vinawaharibikia.

Jumapili asubuhi ikawa zamu ya Utingo kujaribu mwenyewe. Walikubaliana yeye atangulie, Dereva afuate nyuma hatua hamsini, asiseme neno. Akiona mkewe anakosea, akohoe.

Famasi akaipita vizuri. Kinyozi akampita. Geti la buluu likaja mahali pake, na moyo wake ukaanza kutulia. Halafu akatokea kwenye njia panda yenye barabara tano.

Jana hapa alifanya nini? Alijua alisimama, akajua waligeuka, ila waligeukia wapi? Kushoto kwake palikuwa na jengo la vigae vyeupe. Akaangalia kona ya pili, na yenyewe ina jengo la vigae vyeupe. Akasubiri kikohozi. Kimya. Akachagua barabara ya tatu kwa sababu ilikuwa na miti, akatembea kidogo, akatega sikio. Kimya. Basi ndiyo hii, akasema moyoni, akanyoosha shingo akaongeza mwendo. Akapita shule ambayo hakuikumbuka. Akapita ukuta uliochorwa samaki, na ukuta huo angewezaje kuusahau? Lakini Dereva hakohoi. Akaendelea mpaka barabara ikaishia kwenye uzio wa waya, na nyuma ya uzio majokofu mabovu yamepangwa juu kwa juu kama matofali.

Akageuka. Dereva naye akafika, akayatazama majokofu.

"Mbona hukukohoa?" Utingo akamuuliza.

"Ningekohoa nini? Nilikuona shingo imenyooka, nikasema huyu ameona kitu."

"Mimi nimenyoosha shingo kwa sababu hukohoi."

Wakakaa kwenye benchi la mbao, la watu wanaosubiri sijui nini. Utingo akamuuliza mumewe, jana pale kwenye barabara tano aligeuka kwa kuona kitu gani. Dereva akajibu kama anamjibu mtoto, kwamba aliona duka la viatu, lile lenye kiatu kikubwa juu ya paa.

"Kiatu gani?"

"Kiatu. Kikubwa kama kitanda, chekundu. Utingo, kiatu kile hata kipofu anakipapasa."

Utingo hakukiona. Naye akamuuliza kuhusu famasi, kuhusu viti vyekundu vya kinyozi, kuhusu geti, na Dereva kila swali alitikisa kichwa. Hakuna alichokiona. Wametembea njia moja, bega kwa bega, na ukiwaweka wawili njia inatimia. Ukimtoa mmoja, mwingine anabaki na nusu ya barabara, na nusu ya barabara haimfikishi mtu kazini.

Utingo akayatazama tena majokofu. Halafu likamjia swali ambalo hakuwahi kulifikiria.

"Kule kwetu, kabla ya daraja la chuma. Upande wako palikuwa na nini?"

"Ziwa," akasema Dereva.

"Ziwa?"

"Dogo. Lina ndege weupe. Asubuhi wanakuwa wengi sana."

Miaka kumi na tisa, na kurudi kila mara walipita pale usiku. Pale kabla ya daraja ndipo barabara ilipokuwa nyembamba kuliko kote, na yeye macho yake yalikuwa kwenye ukingo, kuhesabu shubiri zilizobaki kati ya tairi na mtaro. Hakukasirika. Hakujua hata akasirikie nini. Akamwambia mumewe kwamba upande wake, pale pale, palikuwa na mama muuza mkaa ambaye kila wakipita alisimama akapunga mkono, na yeye akampungia. Siku moja yule mama alimpandishia mtoto wake mchanga juu amwone.

"Sikumjua," akasema Dereva. Akafikiri. "Mtoto wa kiume?"

"Wa kike. Sasa hivi anaenda shule."

Kurudi nyumbani kuliwachukua saa mbili, na sitawachosha na hizo saa mbili. Walipokwisha kunywa chai, Dereva akaja na mpango. Wabadilishane pande. Yeye ashike kushoto, mkewe ashike kulia, kila mmoja aokote nusu aliyoikosa, na jioni Utingo atakuwa na barabara nzima.

Ukiusikia mpango huo unaona hauna kasoro. Wakatoka nao, na haujafika hata taa za kwanza ukaharibika. Shingo ya Utingo ilikataa kulia. Akiigeuza inatii, akiisahau inarudi kushoto yenyewe, na kushoto sasa palikuwa na uso wa Dereva. Dereva naye akagonga nguzo, akaiomba radhi. Mara mbili walitaka kupinda kona moja kwa wakati mmoja wakakanyagana. Mbaya zaidi, mji wenyewe uligeuka. Kiatu chekundu alikiona, naam, ila alipokiona famasi ikapotea, na geti la buluu likawa kama halijawahi kuwekwa. Alikuwa na nusu moja anayoijua. Sasa akawa na nusu mbili, na hazishonani.

Jioni Dereva akamchorea ramani kwenye karatasi ya mkate. Aliichora kwa bidii, ulimi nje. Ilikuwa na vituo viwili vya mafuta, matuta matatu, mahali pa kuegesha magari makubwa na mahali ambapo, kwa maoni yake, trafiki wangependa kujificha. Hospitali aliisahau. Utingo akaikunja akaiweka mfukoni, akamwambia ahsante.

Jumatatu saa kumi na moja gari la gereji likaja. Dereva alimshika mkewe begani, akamwambia akipotea asimame, maana aliyepotea akiendelea kwenda anaongeza tu upotevu. Akapanda. Utingo akaanza safari yake.

Kitu kimoja hakuna aliyekifikiri. Alfajiri maduka yamefungwa. Madirisha yote yameteremshiwa mabati ya kijivu, moja kama lingine, na msalaba wa kijani umezimwa. Kinyozi hana viti, ana bati. Utingo alipita mahali ambapo pengine ndipo, pengine sipo. Geti la buluu lilikuwa limefunguliwa, limelalia ukuta kwa ndani, akalipita bila kujua. Akageuka, akageuka tena. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa amesimama kwenye njia panda akizihesabu barabara, akapata tano. Akahesabu tena akapata nne, kwa sababu moja ilikuwa uchochoro wa kuingilia karakana. Akaangalia juu kutafuta kiatu. Hakuna kiatu. Nusu saa imebaki, na karatasi zao zote mbili zimesimama juu ya hiyo nusu saa.

Hapo ndipo alipomwona mfagia barabara, mama mnene mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, na mkokoteni wenye mafagio mawili. Utingo akamwendea akamsalimia kwa lugha yake, yule akamjibu kwa lugha yake yeye, wakabaki wanachekeana. Akajaribu lile neno la hospitali kama mdogo wake alivyomfundisha. Mfagiaji akasogeza sikio, akatikisa kichwa. Akajaribu tena, safari hii kwa sauti kubwa. Halikusaidia.

Basi akaacha maneno. Akalaza shavu kwenye kiganja, akajishika tumbo, akawa mgonjwa kitandani. Halafu akamwondoa mgonjwa, akakamata ncha mbili za shuka ambalo halipo, akalikung'uta. Mfagiaji alimtazama. Akaegemeza fagio ukutani, akajipangusa mikono kwenye kizibao, akasogea mbele yake na kushika zile ncha mbili nyingine. Wakalikunja wote wawili hapo barabarani, nusu, halafu robo, wakakutana katikati, na mfagiaji akalipokea akalipigapiga likae sawa. Akacheka. Akamshika Utingo kiwiko, akaacha mkokoteni pale pale, akaondoka naye.

Utingo alitaka barabara pana, maana hospitali iko barabara pana. Mfagiaji akamwingiza katikati ya majengo mawili. Wakapita kwenye mapipa ya taka, wakashuka ngazi, wakapita ua wenye nguo zilizoanikwa, wakapanda ngazi nyingine. Hakuna famasi, hakuna kiatu, hakuna kulia wala kushoto ambako aliwahi kukuona. Ikamjia fikra kwamba amejikabidhi kwa mtu asiyemjua, na kwamba saa hii msimamizi anavaa miwani yake.

Halafu akainua macho. Ghorofa ya sita, kwenye roshani, lilikuwa linaning'inia shati la Dereva la mistari, alilolifua mwenyewe jana.

Amerudishwa nyumbani.

Huyu mama kumbe alimwona mgonjwa, akaona heri ampeleke akalale, na sasa ni saa kumi na mbili na dakika arobaini. Utingo akajing'oa. "Si nyumbani, mama," akasema. "Kazini. Nyumbani nimetoka." Mfagiaji akamvuta, Utingo akakaza, wakavutana pale chini ya shati la Dereva kama watu wanaogombania kuku. Mwishowe mfagiaji akamwachia, akashika kiuno, akanyoosha kidole nyuma ya jengo. Hakukishusha kidole mpaka Utingo akatazama.

Palikuwa na kijia. Mwanzoni mwake palisimikwa nguzo fupi tatu za chuma, za kuzuia magari. Baada ya nguzo, kidaraja cha waenda kwa miguu juu ya reli. Baada ya kidaraja, mgongo wa jengo jeupe, bomba linatoa mvuke, na kwenye baraza la nyuma magunia ya mashuka machafu yamerundikwa mpaka dirishani.

Alivuka akiwa haamini, kama mtu anayepanda ngazi ndotoni. Alipogeuka kumshukuru yule mama, alikwisha kurudi kwenye mkokoteni wake.

Saa ya ukutani ilisema saa moja kasoro dakika tisa. Msimamizi akaitazama saa, akamtazama Utingo, akaandika kitu, akampa aproni. Uso wake haukusema lolote. Utingo hakujua kama amesifiwa au amewekewa alama mbaya, na hakukuwa na wa kumuuliza. Alisimamishwa kwenye mashine ya kupiga pasi na mama mwingine, kila mmoja ncha mbili, shuka likitoka la moto wanalipokea, nusu, robo, wanakutana katikati. Mikono haikuhitaji tafsiri. Mchana ulipita namna hiyo. Saa tisa msimamizi akaja, akamwonyesha vidole saba. Utingo naye akamwonyesha saba, kuhakikisha. Msimamizi akaitikia kwa kichwa. Kesho tena, saa moja, ambayo huku wanaiita saba.

Alitokea mlango wa nyuma, akavuka kidaraja, akapita nguzo, akafika chini ya jengo lao. Dakika sita. Hakuliamini jambo hilo, akarudi mpaka hospitali akatembea upya. Dakika sita. Ilibidi apumzike kidogo kwenye ngazi, siyo kwa uchovu. Alikuwa anajiuliza ile njia nyingine, ya dakika hamsini na tano, wamekuwa wakienda wapi nayo.

Dereva alirudi saa kumi, suruali imelowa mpaka magotini. Hakuvua hata viatu, aliuliza tu kama alifika. Alifika. Kwa wakati? Kwa wakati. Akaachia pumzi ndefu, halafu udereva ukampanda, akataka kujua alipita wapi, alikiona kiatu au hakukiona. Utingo akamwita kwenye dirisha la jikoni akamwonyesha lile bomba. Dereva siku zote hizo alikuwa analiona, na alikwisha amua kwamba ni la kiwanda cha mikate. Akakataa. Akasema shemeji aliwaendesha dakika ishirini nzima, na mtu haendeshi dakika ishirini kwenda nyuma ya nyumba yake. Utingo akamwambia avae koti washuke.

Wakashuka. Pale kwenye nguzo tatu za chuma Dereva akasimama ghafla, kama amekanyaga breki. Alizitazama nguzo, akatazama kidaraja, akatazama jengo jeupe. Akapanua mikono akapima nafasi, nguzo hadi nguzo.

"Gari halipiti hapa," akasema.

Utingo akaegemea nguzo ya kati.

"Halipiti," akarudia, na sasa sauti ilikuwa ya mtu anayejitetea. "Hata dogo. Ndiyo maana shemeji alizunguka."

"Dereva," akamwambia mkewe. "Gari liko wapi?"

Dereva akageuka akatazama nyuma yake. Akatazama kweli, kwa muda, juu na chini ya ule ua mtupu. Kisha akageukia nguzo, akavuta tumbo ndani, na ingawa pale wangeweza kupita watu watatu kwa pamoja, akapita kiubavu, taratibu, mkewe nyuma yake akimwongoza asiguse.